Kijana wa Michezo Anapolalamika Kiuno: Mwongozo kwa Wazazi na Makocha wa Dar

Mtu mzima akiumwa kiuno, mara nyingi chanzo ni misuli au diski. Kijana anayecheza karibu kila siku ni habari nyingine. Mwaka 1995 madaktari Micheli na Wood wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha vijana 100 na watu wazima 100 waliotibiwa maumivu ya kiuno. Kati ya vijana, 47 walikutwa na ufa wa mfupa uliotokana na kutumika kupita kiasi. Kati ya watu wazima, 5 tu. Hao walikuwa vijana waliokwisha kufika kliniki ya michezo, si kila mtoto anayelalamika mtaani, lakini hesabu hiyo inatosha kumfanya mzazi aache kumpaka mtoto dawa ya kuchua na kumwambia akaze.

Chini ya mgongo kuna pingili 5 za kiuno. Kila moja, upande wa nyuma, ina vijidaraja viwili vyembamba vya mfupa, kushoto na kulia. Mtu akijipinda kwenda nyuma, na zaidi akijipinda huku anajizungusha, viungo vya jirani vinavibana vijidaraja hivyo. Mara moja si kitu. Maelfu ya mara kwa msimu, bila nafasi ya mfupa kujijenga upya, unachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa pale pale. Pingili ya 5 ndiyo inayoumia zaidi, ikifuatiwa kwa mbali na ya 4. Ufa huo hospitalini unaitwa spondilolisisi.

Sasa fikiria nani anajipinda hivyo hapa mjini: winga anayepiga krosi na mashuti ya mbali, kipa anayejirusha, mpiga servu wa voliboli, mrushaji wa kasi wa kriketi pale Upanga, vijana wa sarakasi kwenye mchanga wa Coco Beach, muogeleaji wa mtindo wa kipepeo. Hatari inapanda mtoto anaporefuka kwa kasi, wasichana kama miaka 11 hadi 13, wavulana 13 hadi 15. Suruali ya shule iliyonunuliwa Januari ikiwa imepanda juu ya vifundo kufikia Juni, ujue uko kwenye kipindi chenyewe, na Juni ndiyo hiyo hiyo ya pilikapilika za UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari.

Hatua ya 1: Muulize kwa namna atakayojibu

"Vipi mgongo?" "Poa tu, baba." Ukiuliza hivyo utajibiwa hivyo. Mtoto anayeogopa kuachwa kwenye kikosi hawezi kukubali kwamba anaumwa, na akiwa mbele ya kocha ndiyo kabisa. Muulize kitu gani alikuwa anakifanya mwezi uliopita ambacho siku hizi anakikwepa. Utasikia: "Siku hizi kona anapiga Juma." Au: "Servu ya juu nimeiacha, napiga ya chini." Hapo umeshapata jibu.

Maumivu ya ufa yana tabia zake. Yanakaa chini ya mgongo, mara nyingi upande mmoja, na mtoto anaweza kukuonyesha mahali kwa kidole. Yanaweza kushuka kwenye kalio, ila ni nadra kufika mguuni. Yanaanza polepole, bila siku ya kuanguka unayoweza kuitaja. Yanazidi akikimbia, akiruka au akijipinda nyuma, na yanatulia akipumzika. Misuli ya nyuma ya mapaja inakaza. Mwambie ainame aguse vidole vya miguu, utaona anaishia kwenye magoti. Kwa mrushaji wa kriketi, ufa mara nyingi uko upande usio wa mkono anaorushia: wa mkono wa kulia anaumia kushoto.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Asimame peku karibu na ukuta, ainue mguu mmoja, kisha ajipinde nyuma taratibu huku umemshikilia mabega. Abadilishe mguu. Maumivu yale yale aliyokuwa anayalalamikia yakichomoza, lichukulie kama onyo. Lakini jaribio hili si kipimo. Wako wenye ufa wasiosikia kitu, na wako wanaopiga kelele kumbe ni misuli tu. Usimrudishe uwanjani kwa sababu amelipita sebuleni.

Kigezo changu ni rahisi: kijana wa michezo akiumwa kiuno zaidi ya wiki 2, au akiumwa kila anapojipinda nyuma, aonwe na mtaalamu. Yanayotulia baada ya siku 3 au 4 na yasirudi, endelea na maisha.

Hatua ya 2: Hakikisha si kitu kikubwa zaidi

Mguu ukipoteza nguvu, ganzi ikishika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mtoto akishindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, hiyo ni dharura. Aende hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Maumivu yanayomwamsha usiku, homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu: hayo nayo yasisubiri. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake, kinaweza kushika pingili, na kwetu hapa hilo si jambo la kulisahau. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuumwa mgongo kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo utaje ugonjwa huo kwa daktari mapema. Na kama alianguka kutoka kwenye mwembe au kwenye bodaboda, mwongozo huu haumhusu. Huyo ni majeruhi, apelekwe.

Hatua ya 3: Simamisha michezo leo, usingoje kipimo

Ufa mchanga unaoachwa upumzike una nafasi nzuri ya kuunga. Ufa huo huo ukichezewa nusu fainali, fainali na bonanza la Jumapili unaweza kugeuka kuwa pengo lisilounga tena. Kwa hiyo kocha akikuomba "mechi moja tu ya mwisho", jibu ni hapana, hata kama kombe liko mezani.

Panadol kwa dozi ya umri wake inaruhusiwa akiumwa. Diklofenaki iliyonunuliwa duka la dawa saa moja kabla ya mechi ili acheze ni kosa kubwa: umezima kengele, moto umeuacha. Kuchua kwa mafuta kunaweza kulegeza misuli iliyokaza, sawa. Ila asilazwe kifudifudi mtu akamkandamiza kiuno kwa goti, wala asinyongwe mgongo mpaka ulie. Ule mlio haurudishi chochote mahali pake, na kumpinda nyuma kwa nguvu ndiko kulikomvunja.

Hatua ya 4: Hospitali, na cha kumwambia daktari

Anza na kituo cha afya kilicho karibu ili upate barua ya rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa ni Mwananyamala, Amana na Temeke. Juu yake kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, yenye madaktari wa mgongo na vipimo vikubwa. Ukiingia chumbani na kusema "anaumwa mgongo", utaondoka na vidonge. Sema hivi: "Shikamoo daktari. Huyu ana miaka 14, anacheza mpira mara tano kwa wiki, ana wiki nne anaumwa kiuno upande wa kushoto akijipinda nyuma, naomba tuangalie kama ana ufa kwenye pingili." Daktari yeyote aliyesoma mifupa atakuelewa mara moja.

Mara nyingi kipimo cha kwanza ni eksirei. Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Ufa mchanga hauonekani vizuri kwenye eksirei, na majibu yanarudi "kawaida". Eksirei safi haimaanishi mfupa mzima. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaweza kuonyesha mfupa uliovimba kwa ndani hata kabla haujapasuka, na haina mionzi, ndiyo maana inafaa kwa mtoto. CT skani inauonyesha ufa wenyewe kwa uwazi zaidi, lakini ina mionzi. Ifanyike pale daktari anapoona jibu lake litabadilisha matibabu. Kama MRI haiwezekani kwa sasa na dalili zote zinaelekea kwenye ufa, madaktari wengi watakuambia umpumzishe kana kwamba upo. Mimi nakubaliana nao. Kukaa benchi bure kuna hasara ndogo kuliko kucheza na mfupa uliopasuka.

Majibu yakitoka, usiondoke bila kujua ufa uko upande mmoja au pande zote mbili, ni mpya au wa siku nyingi, na kama pingili imeanza kuteleza mbele. Wa upande mmoja na mchanga unaunga vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Miezi ya benchi

Kipindi cha kawaida ni kama miezi 3 bila mchezo, na safari nzima hadi mechi kamili ni miezi 3 hadi 6. Ukimwambia mtoto wa miaka 14 hivyo atalia, na una haki ya kulia naye kidogo.

Hatari kubwa zaidi ya safari yote inakuja pale maumivu yanapoisha. Wiki ya tatu au ya nne mtoto anaamka hana kitu. Anainama, anacheka, anaruka ngazi. Kila mtu nyumbani anasema amepona. Mfupa bado. Maumivu yanatoka mapema, kuunga kunachelewa, na katikati ya hayo mawili ndipo vijana wengi wanaporudi uwanjani na kuupasua ule ule. Andika tarehe ya kurudi aliyotoa daktari, ibandike kwenye friji, na isisogezwe mbele kwa sababu mtoto anajisikia vizuri.

Benchi si uwanjani tu. Shule zetu zina mchakamchaka asubuhi, na mwenye ufa hatakiwi kukimbia barabarani akiimba na wenzake. Kuna adhabu ya kuruka kichura. Kuna ndoo za maji za lita 20 kutoka bombani. Kuna wenzake wanaocheza chandimu wakati wa mapumziko, na kijana wako si malaika. Peleka barua ya daktari kwa mwalimu wa michezo na kwa mwalimu wa zamu pia, maana anayemtoa mtoto mchakamchaka ni wa zamu. Nyumbani maji achote mwingine au ayabebe kwa kidumu kidogo.

Wakati huo huo, asilale kitandani. Atembee. Aende shule. Daladala ya kusimama ni sawa, ila akipata siti akae. Maumivu ya kila siku yakishatulia, mtaalamu wa fiziotherapia amwanzishie mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno bila kuupinda mgongo nyuma. Kuna moja linaloonekana jepesi na kumbe si jepesi: apige magoti na kuweka viganja chini kama anayetaka kutambaa, anyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, ahesabu polepole hadi kumi, abadilishe. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo katikati ya kiuno chake. Kikimwagika, mgongo umejipinda. Lingine ni kulala chali, magoti yamekunjwa, anyanyue makalio mpaka mabega, nyonga na magoti yawe mstari mmoja, asipite hapo. La tatu ni kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, kiuno kisining'inie.

Misuli ya nyuma ya paja inyooshwe kila siku kwa kanga. Alale chali, apitishe kanga chini ya unyayo, avute mguu ulionyooka juu taratibu mpaka asikie unavuta, atulie kwa nusu dakika. Bila kurusharusha. Mazoezi ya kulala kifudifudi na kuinua kifua, yale ya "kuimarisha mgongo" tunayoyaona kwenye simu, ayaweke kando kabisa kwa sasa.

Mkanda wa mgongo? Wengine wanauagiza, wengine hawauagizi, na tafiti zilizolinganisha hazijaonyesha kwamba mkanda wenyewe unaleta tofauti kubwa. Kinachotibu ni kuacha mchezo. Daktari akikupa, vaa alivyosema. Ile mikanda ya lastiki ya Kariakoo haimzuii mtu kujipinda, inamkumbusha tu. Isije ikawa ruhusa ya kucheza.

Chakula kina sehemu yake. Mtoto anayefanya mazoezi ya saa mbili kwa nguvu ya chai na andazi hajengi mfupa. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, maharage, mboga za majani, mayai pale yanapopatikana. Kwa binti, kuna swali ambalo mama au shangazi anapaswa kuuliza bila aibu: hedhi inakuja? Ikikatika miezi kadhaa kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo, mifupa inadhoofika, na hilo lazima daktari alijue.

Kocha, mpe kazi. Ahesabu pasi, ashike saa, apange koni. Kijana anayejiona bado ni wa timu hatoroki kwenda kucheza mtaa wa pili.

Hatua ya 6: Kurudi kwa ngazi

Arudi pale daktari au mtaalamu wa fiziotherapia amekubali, anapojipinda nyuma bila maumivu, na anapofanya mazoezi yote hapo juu bila kutetemeka. Kwanza atembee haraka, kisha akimbie polepole kwenye mchanga mgumu wa ufukweni wakati maji yamekupwa au kwenye nyasi, si kwenye lami. Halafu mbio za kasi kwa mstari ulionyooka. Halafu kukata kona. Mpira uje baada ya hapo: pasi fupi, pasi ndefu, na mashuti ya nguvu, vichwa na krosi mwisho kabisa, maana hivyo ndivyo vinavyompinda. Kuogelea kunafaa kwa kutunza pumzi, ila mtindo wa kipepeo na wa chura iachwe; yote miwili inaukunja mgongo nyuma.

Kila ngazi ipewe kama wiki moja. Kipimo ni asubuhi inayofuata: akiamka kiuno kimetulia, panda, kikiuma, shuka ngazi moja na ukae hapo. Mechi ya kwanza acheze dakika 20, si 90.

Hatua ya 7: Hesabu saa zake, maana hakuna mwingine anayezihesabu

Hili ndilo tatizo la Dar hasa. Mtoto mwenye kipaji ana makocha watatu, na kila mmoja anajua ratiba yake tu. Chukua daftari. Shule, Jumatatu hadi Alhamisi, saa moja na nusu: saa 6. Akademi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa mbili mbili: saa 6. Timu ya mtaa, Jumatano jioni na mechi ya Jumapili: saa 3. Mchakamchaka nusu saa kwa siku 5: saa mbili na nusu. Jumla ni saa 17 na nusu kwa wiki, kwa mtoto wa miaka 13, na hana hata siku moja ya kupumzika.

Kanuni inayotumiwa sana na madaktari wa michezo ya vijana ni kwamba saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wake kwa miaka. Wa 13, saa 13. Apate angalau siku moja kamili kwa wiki bila mchezo, mbili zikiwezekana, na mchezo mmoja usichezwe zaidi ya miezi 8 kwa mwaka. Kwa warushaji wa kriketi, bodi ya kriketi ya Uingereza iliwahi kuweka kikomo cha wazi: hadi miaka 13, ova 5 (ova moja ni mipira 6) kwa mkupuo na 10 kwa siku, miaka 14 na 15, ova 6 na 12. Makocha wetu wanaweza kuitumia kesho bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wakutanishe makocha watatu, hata kwa kundi la WhatsApp, na waambie jumla. Wengi hawana nia mbaya, hawajui tu. Timu moja itabidi iachwe. Mimi ningeacha ya mtaa, ingawa najua ndiyo anayoipenda.

Mfupa usipounga

Hutokea, hasa ufa wa pande zote mbili uliogunduliwa kwa kuchelewa. Usikate tamaa mapema. Takriban watu wazima 6 kati ya 100 wana ufa huu na wengi hawajui, wanabeba mizigo na kucheza mpira kama kawaida. Misuli ikiwa imara na maumivu hayapo, vijana wengi wanarudi uwanjani na mfupa usiounga vile vile.

Kinachofuatiliwa ni kuteleza kwa pingili kwenda mbele. Kunatokea zaidi wakati mtoto bado anarefuka, kwa hiyo daktari atataka kumwona mara kwa mara kwa eksirei ya ubavuni, akiwa amesimama, mpaka urefu ukome. Kuteleza kidogo, chini ya robo ya upana wa pingili, mara nyingi hakumnyimi mchezo. Kukizidi nusu, au maumivu yakigoma kuondoka baada ya miezi 6 ya matibabu yaliyofuatwa kweli, au miguu ikianza kupata ganzi, ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza, na kwa vijana wenye tatizo hili wanaofika huko ni wachache. Weka picha zote za eksirei na MRI kwenye bahasha moja nyumbani, pamoja na ripoti zake, kwa sababu daktari wa mwaka ujao hawezi kujua kama pingili imesogea bila kuona ilikuwa wapi mwaka huu.